Bwana Misitu Anajibu: Ardhi Iliyochoka na Watu Wake

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi niliyopewa na mhariri, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mahali palipoharibika, pawe pori, shamba, mwambao au mwamba wa bahari, watu wanaoishi hapo wanaweza kufanya nini ili parudi kuwa na uhai, bila ya kukaa wakingoja mradi? Nimechagua sita. Nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyahifadhi.

Shikamoo Bwana Misitu. Mimi ni kijana wa Kishapu. Marehemu babu alituachia ngitili ya ekari saba hivi. Kaka zangu wawili wanataka tuigawane, tung'oe miti na kulima pamba na choroko, kwa madai kwamba eneo hilo limekaa bure. Mama anakataa, lakini hana la kuwaambia zaidi ya kwamba ndivyo babu alivyousia. Ngitili ina faida gani ya kuhesabika? Na tukiifyeka leo, tukibadili mawazo kesho itachukua muda gani kurudi?

Marahaba, mwanangu. Mama yako ana hoja nzito, ila inaanzia mbali, na ingefaa kaka zako waisikilize mpaka mwisho.

Kwa faida ya wasomaji wasiotoka Usukumani, ngitili ni eneo la malisho ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba au Desemba, likaachwa bila mifugo hadi kiangazi kikaze, ndipo likafunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe wagonjwa na kwa maksai wa kulimia. Si mahali pasipoguswa. Ni akiba, mfano wa ghala la nafaka, isipokuwa ghala hili hujijaza lenyewe likiachwa peke yake miezi hiyo.

Shinyanga haikuzaliwa na vumbi. Tangu enzi za mkoloni, mapori yalifyekwa kwa makusudi ili kuwaondoa ndorobo. Pamba nayo ikadai nafasi. Miti mingine ikaangushwa ili kwelea kwelea wakose pa kulala. Kisha kuni na wingi wa mifugo vikamalizia. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 kuliwatenga na ngitili zao, na ngitili ambayo mwenyewe yuko mbali haina mlinzi. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa huo mwaka 1984 alishtushwa na hali aliyoikuta, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaukumbuka kwa jina la HASHI.

Jambo ninalopenda kulirudia ni kwamba HASHI ilianza kwa kukosea. Ilianza kama tulivyofundishwa sote vyuoni, yaani vitalu vikubwa, miche ya miti ya kigeni, na magari ya kuisambaza vijijini, na mafanikio yakawa haba. Baadaye watumishi wake wakawa na unyenyekevu wa kuwauliza wazee walikuwa wakifanya nini zamani, na jibu likawa ni hiyo ngitili yenu. Ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mkoani mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, makadirio yalikuwa hekta zisizopungua 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hakuna kitalu ambacho kingeotesha miche ya kutosha eneo kama hilo. Miti ilikuwa tayari imo ardhini, ndani ya visiki, mizizi na mbegu, ikingoja kwato ziondoke kwa muda uliokubaliwa. Na makubaliano yenyewe hayakulindwa na askari wa misitu. Yalilindwa na dagashida, yaani ile mikutano ya kimila ya Wasukuma, pamoja na sungusungu, na baadaye yakatiwa nguvu na sheria ndogo za vijiji.

Sasa kuhusu hesabu. Msitumie takwimu za mradi, tumieni zenu. Chukueni daftari la shule, na kwa mwaka mmoja mama aandike kila kinachotoka humo: mizigo ya kuni ambayo hakuinunua, nyasi za kuezekea, fito za zizi, uyoga, asali kama mna mizinga, mizizi ya dawa, na zaidi ya yote wiki ambazo ng'ombe wa maziwa walikula humo badala ya kuswagwa mbali. Kila kimoja kiwekewe bei ya mnadani. Kisha kaka zako waandike upande wa pili mavuno ya pamba waliyopata katika shamba lao la sasa, wakitoa gharama za mbegu, dawa na vibarua, na wasichague mwaka mzuri peke yake. Nimeziona familia kadhaa zikifanya zoezi hili, na kwa kawaida ubishi huwa umekwisha kabla daftari halijajaa.

Muda wa kurudi unategemea mtaing'oaje. Mkikata miti na kuacha visiki, nyasi zitarudi kwa msimu mmoja au miwili, na vichaka vya kimo cha mtu kwa miaka michache. Mking'oa visiki na kupitisha trekta, mtakuwa mmelifilisi ghala pamoja na mbegu yake, na hapo nisingethubutu kukupa idadi ya miaka.

Tena ekari saba zikigawanywa kwa watu watatu, kila mmoja atabaki na ekari mbili na ushei, ambazo hazitoshi kulisha hata jozi moja ya maksai kiangazi kizima. Ngitili hufaa ikiwa nzima. Mkikubaliana kuibakiza, nendeni ofisi ya kijiji mkaombe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na jina la mama liwemo.

Habari za kazi, kaka. Mimi ni mkulima wa Chamwino. Walipita watu wakitufundisha kitu wanachokiita kisiki hai. Nilipenda, lakini mume wangu anasema miti shambani italeta kivuli kwenye uwele na kuwapa ndege makazi. Nani yuko sahihi, na kazi yenyewe hufanywaje hasa? Siku ya mafunzo nilikuwa nyuma na sikuona vizuri.

Njema, dada. Mumeo hajakosea kabisa, na nitamrudia. Kwanza tupige magoti shambani pamoja, kwa kuwa hilo ndilo ulilokosa.

Tafuta kile unachokiita kichaka cha mgunga, kile ambacho kila mwaka mnakifyeka wakati wa kusafisha shamba na kila mwaka kinarudi. Kisogeze majani kwa mkono uliovaa kitu, maana miiba ipo. Ndani utakuta kisiki cha zamani, pengine kipana kama sahani, kimezungukwa na machipukizi hata ishirini, yote membamba na yote yakigombea maji ya mizizi ileile. Ndiyo sababu hakuna hata moja linalokua. Chagua matatu, au matano ukitaka fito, yaliyonyooka, manene kidogo, na yaliyotoka chini karibu na ardhi. Mengine yakate kwa kisu kikali au panga lililonolewa, mkono ukitoka chini kwenda juu na mkato ukiwa wa mshazari, ili gome lisichanike na maji ya mvua yasituame kwenye jeraha. Uliyoyabakiza, yapogolee matawi ya chini hadi nusu ya kimo chake, usizidi hapo. Funga kitambaa cha rangi kwenye chipukizi mojawapo, ili anayeswaga maksai wa jembe na mtoto anayechunga waone kwamba hapo pana mwenyewe. Matawi ya miiba uliyoyakata yazungushe kisiki kama boma dogo. Umemaliza, kwa kisiki kimoja ni kazi ya dakika chache. Rudi baada ya miezi miwili au mitatu kuondoa machipukizi mapya, kwa maana yatakuja tu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kuyaacha machipukizi manane au kumi kwa huruma. Huruma hiyo hurudisha kichaka.

Njia hii ina nguvu kwa sababu mti huo hauna shida ya kumwagiliwa. Mizizi yake ina umri kuliko watoto wako. Mwaustralia Tony Rinaudo, aliyekuwa Niger katika miaka ya 1980 na kuchoshwa na miche iliyokuwa ikifa mwaka hadi mwaka, alisimamisha gari ili apunguze upepo wa matairi apate kupita mchangani, akakitazama kichaka kilichokuwa kando yake, akatambua kwamba ni mti uliokatwa. Wakulima wa nchi hiyo wakaieneza kazi hiyo wenyewe, na katika miaka ishirini hivi miti ikarudi katika eneo linalokadiriwa kufikia hekta milioni 5 za mashamba. Huko kwenu Dodoma, shirika la LEAD Foundation na wenzao wa Justdiggit wa Uholanzi ndio wanaoieneza zaidi, na jina la kisiki hai, kwa maoni yangu, limefanya kazi kubwa kuliko mabango yote, kwa kuwa linasema lote katika maneno mawili.

Sasa mumeo. Kivuli kinaumiza uwele kweli ikiwa miti imesongamana na haipogolewi. Kila mwaka kabla ya kupanda, punguzeni matawi. Hizo ndizo kuni zenu za msimu. Kama shambani pana mti wa mkababu, uachieni nafasi kuliko yote, kwani huo hupukutisha majani wakati wa mvua na kuvaa majani kiangazi, kinyume cha miti mingine, hivyo uwele hauna ugomvi nao. Ama ndege, kwelea kwelea hupenda kulala kwenye vichaka vizito vya miiba na kwenye matete, wala hawavutiwi sana na mti mmoja mmoja uliopogolewa. Lakini sitakudanganya kwamba hawatatua kabisa. Mwambie mumeo mwanze na robo ya shamba, upande ule ulio mbali na uwele.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu katika Kaunti ya Kajiado. Eneo letu halina hata visiki. Ni udongo mtupu, mgumu kama sakafu. Kuna mgeni aliyetuletea mbegu za mti anaosema hukua haraka, hustahimili ukame na hauliwi na mbuzi. Tuzipande?

Hapana, Mwalimu. Zifungie kabatini mpaka umjue mti huo kwa jina lake kamili na umeuona mahali ulipokwisha kukaa miaka ishirini. Sifa tatu alizokutajia ndizo sifa za mti utakaowashinda nguvu.

Wazee wa Baringo wanaujua mti uitwao mathenge. Uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, ya kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni, kupitia mradi wa serikali na wafadhili wa kimataifa. Ukashika ardhi kweli, kisha ukashika malisho, njia za maji na mashamba. Maganda yake yana sukari, na mbuzi waliyatafuna mpaka meno yakaoza na kudondoka. Jamii ya Ilchamus walikwenda mahakamani miaka ya 2000, na miongoni mwa vielelezo vyao alikuwamo mbuzi asiye na meno.

Kwa udongo mgumu, chimbeni makinga maji ya nusu mwezi. Shimo liwe na umbo la upinde, upana wa hatua tano hivi, mdomo wake ukielekea juu kwenye mteremko, na udongo uliochimbwa uwekwe upande wa chini kama ukingo. Mvua iliyokuwa ikiteleza na kwenda zake itatuama humo na kupenya. Mahali pengine mbegu za nyasi zilizolala hutosha. Penginepo hazipo, na hapo mtahitaji kupanda nyasi za asili. Kina mama wa Kimaasai wa eneo liitwalo Kuku, kaunti hiyohiyo ya kwenu, wana mashamba ya mbegu za nyasi wanazovuna na kuuza. Nendeni mkawaone kabla ya kumwona mgeni mwingine. Na mifugo isiingie hapo katika msimu wa kwanza, hata ikibidi wanafunzi wapokezane zamu.

Assalaam alaykum ndugu yangu. Nakuandikia kutoka Muscat. Asili yangu ni Lamu. Marehemu baba alikuwa akinihadithia majahazi yaliyokuwa yakirudi huku na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Sasa napokea picha kwenye simu kila wiki, za vijana waliovaa fulana za rangi moja wakipanda mikoko, na naombwa mchango. Nahisi nina deni. Nitajuaje kwamba mikoko hiyo itaishi?

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hisia yako ina msingi. Vyumba vya nyumba za kale za mawe, Lamu na huko Muscat uliko vilevile, vilikuwa vyembamba kwa kuwa boriti haikuweza kuvuka upana mkubwa zaidi, kwa hiyo mkoko ndio uliokata kipimo cha chumba. Biashara hiyo ilikuwa na daraja zake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila daraja lilichukua umri wake wa mti. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Picha hizo nazifahamu kwa sababu nami nimo katika moja ya namna hiyo. Nilipohamishiwa wilaya moja ya pwani tulipanda mikoko siku ya maadhimisho, wanafunzi wa shule mbili, kwenye tope la wazi lililokuwa karibu na barabara. Tulipachagua hapo kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa amevaa viatu vya ngozi. Mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoota zikiwa bado juu ya mti na kuning'inia kama mishumaa, tulizichomeka kwa mistari iliyonyooka vizuri sana. Bamvua ya kwanza, yaani maji makuu ya bahari, iliondoka na nusu yake. Zilizobaki zilivamiwa na chaza wadogo na mwani, zikainama, zikafa. Ripoti iliandika idadi tuliyopanda. Hakuna aliyeagizwa kwenda kuhesabu iliyobaki.

Kosa halikuwa la vijana. Tope lile la wazi halikuwa na mikoko kwa sababu maji hukaa hapo muda mrefu kupita kiasi. Lingekuwa mahali pa mikoko, mikoko ingekwisha kufika yenyewe, maana mbegu zake husafiri majini. Penginepo tope la namna hiyo lina majani ya bahari, ambayo ni malisho ya samaki na kasa, na kuyapandia mikoko ni kubomoa nyumba moja ili kujenga nyingine isiyosimama. Tena kila mti una mahali pake: mlilana hutangulia mbele kuelekea bahari, mkoko hufuata, kisha huko nyuma mkandaa, na mchu ambao hukubali maji na chumvi kuliko wenzake. Ukiona picha ina aina moja tu ya mche kwenye uwanda uliopigwa na maji, uliza kwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kutuma fedha, waombe picha ya mahali palepale baada ya mwaka mmoja, kisha wa pili. Waulize mahali hapo palikuwa na mikoko zamani au hapana, na kama palikuwa nayo, ni nini kilichoiondoa na kama kimeondoka. Mara nyingi utakuta tatizo ni tuta la barabara au la bwawa la chumvi lililofunga njia ya maji. Wakifungua kalivati, mikoko hurudi bila ya mtu kuchomeka mbegu hata moja, lakini kalivati haipendezi pichani. Waulize pia watu wa hapo sasa wanapata wapi kuni na miti ya kujengea. Swali hilo hupuuzwa sana, nami naliona ndilo kubwa.

Nitakupa mfano. Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, ilikatwa sana miaka ya 1970, hata kwa kuni za viwanda. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya ilianza kazi ya kupanda huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao hulinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa inayofungiwa na mikoko na tope lake. Mapato si utajiri, ila yameleta maji ya bomba na vifaa vya shule, na matumizi huamuliwa katika mikutano ya hadhara ya vijiji hivyo. Jambo ambalo wageni hulipita bila kuliona ni mashamba ya mivinje waliyopanda nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni. Bila ya mivinje hiyo, ulinzi wa mikoko ungekuwa ni vita vya kila usiku kati ya jirani na jirani. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na Vanga, kusini mwao, wamefuata nyayo katika eneo kubwa zaidi.

Ukitaka kulipa deni la baba yako, basi, lipa mshahara wa mlinzi wa zamu kwa miaka mitatu, au gharama ya kitalu cha mivinje.

Kaka, sisi ni wavuvi wa Kilwa. Kamati inataka kuufunga mwamba wetu wa pweza kwa miezi mitatu. Baadhi yetu tunaona ni njaa tu. Unasemaje?

Nasema fungeni, kwa sharti nitakalolitaja. Pweza anafaa kwa kazi hii kuliko samaki wengi, kwa sababu hukua kwa kasi ya ajabu na maisha yake ni mafupi. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake pangoni bila kula, kisha hufa. Mkimwacha miezi mitatu, yule ambaye mngemtoa akiwa mdogo mnamkuta na uzito wa kuuzika. Kisiwa Panza huko Pemba wamefanya hivyo. Matumbawe na samaki wake ni habari nyingine. Wao huhitaji miaka. Wenzetu wa Kuruwitu, Kilifi, walitenga hekta 30 za bahari mwaka 2005 na hawajazifungua, wakifaidika na samaki wanaovuka mpaka pamoja na wageni wanaokuja kutazama.

Sharti ni hili: mwamba unaofungwa mara nyingi ndio ule wa karibu, ambao wanawake huufikia kwa miguu maji ya bamvua yakikupwa, huku wanaume wenye ngalawa wakiendelea kwenda miamba ya mbali. Hapo njaa haigawanywi sawa. Wachokoaji wa kike ndio wachague mwamba na miezi ya kufunga, na siku ya kufungua wao watangulie. Siku hiyo pia wekeni watu wa kuzuia kukanyaga matumbawe, kwa kuwa umati wa asubuhi moja unaweza kuharibu kilichopona kwa miezi yote mitatu.

Bwana Misitu, nimekuwa nikisoma safu yako nikinyamaza. Mimi ni mfugaji wa Kiteto. Kila nikisikia neno "hifadhi" au "kurejesha uoto", najua ng'ombe wangu wataondolewa. Wazazi wangu walikuwa Kondoa. Unaelewa ninachosema?

Naelewa, mzee wangu, na shikamoo. Nami nilikuwa kijana wakati huo, na chuoni tulifundishwa habari hiyo kama ushindi mtupu. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makorongo yalianza kufunikwa na nyasi, miti ikarudi, na picha za kabla na baada zilitembea dunia nzima. Ambacho picha hazikuonyesha ni familia zilizopaswa kuwapeleka ng'ombe kwa ndugu wa mbali au kuwauza kwa bei yoyote, na watoto waliokosa maziwa. Karibu miaka kumi ilipita kabla ya ufugaji wa bandani wa ng'ombe wachache wa maziwa kuruhusiwa humo.

Ardhi ilipona. Silikani hilo, wala wewe huwezi kulikana. Lakini linganisha na Shinyanga niliyoieleza juu: huko hakuna aliyeambiwa aondoe ng'ombe moja kwa moja, aliambiwa afunge na afungue, na mwenye kuamua tarehe alikuwa ni mwenye ng'ombe. Nikipewa kuchagua, nitachagua ya pili kila mara, hata kama nyasi zitachelewa miaka mitano, kwa sababu Kondoa mpaka leo kuna watu wanaolitamka neno "hifadhi" kama wewe unavyolitamka.

Kijiji chenu kikileta pendekezo la kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, jambo ambalo Sheria ya Misitu ya 2002 inaliruhusu na mapato yake yote hubaki kijijini, usisusie mkutano. Sheria ndogo haiwi sheria mpaka mkutano mkuu wa kijiji uikubali na halmashauri ya wilaya iithibitishe, na mkutano mkuu ni pamoja na wewe. Simama uulize njia ya mifugo kwenda lambo imepitishwa wapi kwenye ramani, na iwe na upana wa kundi, si wa mtu na mbuzi wake. Uliza faini za ng'ombe waliokamatwa zitaandikwa katika kitabu gani, kitabu hicho kitakaa kwa nani, na kitasomwa hadharani mara ngapi kwa mwaka. Omba katika kamati wawemo wafugaji, tena wasiwe wa kuteuliwa na mwenyekiti. Na muhtasari ukipitishwa mkononi mwako, tafuta kwanza mstari unaosema eneo litafunguliwa tarehe ngapi na mwezi gani kwa ajili ya malisho ya kiangazi. Kama nafasi hiyo imeachwa wazi, irudishe karatasi ijazwe ndipo utie sahihi.